Duka Lililomiliki Redio: Kwa Nini Wauza Mbegu, Bima na Bidhaa za Posta Walijenga Vituo vya Mashambani

Mkulima wa Molo, Kitale au Webuye anayefungua redio kabla ya jua kuchomoza hukutana na sauti tatu ambazo si rahisi kuzitenganisha. Ya kwanza ni ya mtangazaji anayesoma habari na kuwasalimia wasikilizaji kwa majina. Ya pili ni ya mtaalamu anayeeleza namna ya kuwakabili viwavijeshi. Ya tatu ni ya kampuni inayouza dawa ya kuwaua viwavijeshi hao hao. Mara nyingi gharama ya sauti ya pili imebebwa na mwenye sauti ya tatu, na mtangazaji ndiye anayewaunganisha. Msikilizaji hatozwi chochote, lakini kuna anayelipa, na sababu zake za kulipa huchangia sana kuamua kitakachosikika na kitakachoachwa.

Mpangilio huu haukuzaliwa Nairobi, wala haukuanza na vituo vya FM. Sura yake iliyo wazi zaidi ilionekana katika maeneo ya kilimo ya Marekani katika miaka ya 1920, wakati duka la kuuza bidhaa kwa posta, wauza mbegu wawili wa mji mmoja mdogo na kampuni moja ya bima walipojenga kila mmoja kituo chake cha redio na kuanza kuzungumza na wakulima bila kupitia kwa mtu mwingine. Biashara za kila namna zilijaribu redio wakati ule, yakiwemo magazeti, mahoteli, viwanda na hata makanisa. Ninachotaka kueleza hapa ni kwa nini biashara hizi chache ndizo zilizoshika mizizi mashambani, na kwa nini moja kati yake, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikiuza kituo chake baada ya miaka minne tu ingawa wasikilizaji walikipenda.

Ili kulielewa jambo hili, ni lazima kwanza tusahau kwamba muda wa hewani ni bidhaa. Leo kila mtu anajua kwamba sekunde thelathini redioni zina bei yake, lakini mwaka 1920, kituo cha KDKA kilipotangaza matokeo ya uchaguzi wa rais kutoka Pittsburgh, mmiliki wake, kampuni ya Westinghouse, hakuwa akiuza muda. Alikuwa akitengeneza vyombo vya redio, na hakuna mtu ambaye angenunua chombo kama hewani hakuna cha kusikiliza. Tangazo ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kwanza kulipiwa lilisikika tarehe 28 Agosti 1922 katika kituo cha WEAF cha New York, ambapo kampuni ya nyumba ilinunua dakika kumi kusifu majengo yake. Wengi waliona jambo hilo kuwa utovu wa adabu. Hata baada ya hapo, kwa miaka kadhaa ilikuwa mwiko katika vituo vikubwa kutaja bei ya kitu hewani, na mitandao ya vituo vya redio ya taifa zima haikuuacha mwiko huo hadi mwaka 1932. Kwa hiyo mwenye kituo wa miaka ile alipaswa kuwa na faida nyingine mahali pengine, na kituo kilikuwa gharama katika vitabu vyake, kama ilivyokuwa gharama ya wino na karatasi.

Duka nililolitaja ni Sears, Roebuck and Company la Chicago. Halikuwa duka la kuingia na kutoka. Lilikuwa ghala kubwa lililouza kwa katalogi, kitabu kinene kilichopelekwa hadi nyumba za mashambani, ambacho ndani yake mkulima alichagua jembe, cherehani, nguo za Krismasi, na kuanzia mwaka 1908 hata nyumba nzima iliyofika kwa treni ikiwa mbao zilizokwisha kukatwa, zikisubiri kuunganishwa. Biashara hiyo ilisukumwa mbele na posta: mwaka 1896 serikali ya Marekani ilianza kupeleka barua bila malipo hadi mashambani, na mwaka 1913 ikaanza kupeleka vifurushi. Mteja alituma pesa kwanza, kisha akangoja. Hakumwona muuzaji, hakugusa kitambaa, na kama kiatu kilimbana alikuwa na barua ya kuandika.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei za mazao ziliporomoka, na Sears ikaporomoka pamoja nazo. Mwaka 1921 kampuni ilikaribia kufilisika, ikaokolewa na mwenyekiti wake, Julius Rosenwald, aliyeahidi kuitia nguvu kwa takriban dola milioni 20 za mali yake mwenyewe. Rosenwald ndiye yule yule aliyechangia ujenzi wa shule zipatazo 5,000 za watoto weusi katika majimbo ya kusini, na ambaye mwaka 1912 alikuwa amejitolea kutoa dola 1,000 kwa kila wilaya kati ya 100 za kwanza zitakazomwajiri bwana shamba. Yeye na wenzake walikuwa wamejifunza kwa uchungu kwamba mkulima asiyekuwa na pesa hanunui katalogi nzima wala sehemu yake. Mwaka 1923 wakaanzisha taasisi ya kilimo ndani ya kampuni, na taasisi hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kuendesha redio.

Kituo kilizinduliwa tarehe 12 Aprili 1924 kwa jina la WLS, herufi zilizosimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya duka kubwa kuliko yote duniani. Jina lenyewe lilikuwa tangazo, na kila mtangazaji alipotaja kituo alilitaja duka. Zaidi ya hapo, mambo yaliyosikika yalikuwa ya mkulima: hali ya hewa, bei za nguruwe na ng'ombe katika masoko ya Chicago, bei za nafaka, mashauri ya ufugaji, mazungumzo ya akina mama kuhusu nyumba na afya, na muziki. Thamani ya bei hizo inaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kuuza mahindi kwa dalali anayefika na lori langoni mwa shamba. Anayejua bei ya mjini kabla dalali hajashuka garini hujadiliana kwa namna nyingine. Kabla ya redio, mkulima wa Illinois alisoma bei za sokoni katika gazeti lililomfikia siku moja au mbili baadaye, ilhali mnunuzi alikuwa na simu ya waya.

Jumamosi ya wiki iliyofuata uzinduzi, tarehe 19 Aprili, kituo kilirusha kipindi cha fidla na ngoma za ghalani ambacho baadaye kilijulikana kama National Barn Dance. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wakubwa wa kampuni waliona aibu kusikia jina la duka lao likiambatana na muziki wa washamba, hadi barua za wasikilizaji zilipoanza kumiminika. Nina mwelekeo wa kuamini masimulizi hayo, kwa sababu kituo hakikuwa na namna nyingine ya kujipima. Hakuna aliyehesabu wasikilizaji. Zilihesabiwa barua, na barua ndicho kitu ambacho kampuni ya kuuza kwa posta ilijua kukihesabu kuliko mtu yeyote.

Hapa kuna jambo la kiufundi linalofaa kuelezwa, kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa ni vipi kituo cha Chicago kilisikika katika shamba lililo mbali kiasi cha Nairobi na Kampala. Vituo hivi vilitumia masafa ya kati, yale ambayo wazee wetu waliyatumia kusikiliza Sauti ya Kenya. Mchana mawimbi yake hutambaa juu ya ardhi na kuchoka baada ya makumi kadhaa ya kilomita, lakini usiku tabaka la juu la anga huyarudisha chini, yakatua mamia ya kilomita kutoka mnarani. FM haina tabia hiyo, na ndiyo sababu kituo cha leo kinachotaka kusikika Busia na Nakuru kwa pamoja hulazimika kuweka mitambo katika vilima vingi. Mashamba mengi ya Marekani hayakuwa na umeme wakati ule. Redio iliendeshwa kwa betri, na wengine waliipeleka betri ya redio kuchajiwa mjini au wakaazima ile ya gari. Kwa hiyo redio ilifunguliwa kwa kuchaguliwa, jioni, familia nzima na majirani wakiwa wameketi.

Nguvu ya sauti hiyo ilidhihirika mwezi Machi 1925. Kimbunga kikali kilipita katika majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana tarehe 18 na kuua watu wapatao 695. WLS iliomba michango hewani, na wasikilizaji wakatuma zaidi ya dola 200,000. Hakuna bidhaa iliyouzwa, lakini kila aliyeweka noti katika bahasha alikuwa amekubali kwamba watu asiowaona, wanaosikika kutoka katika jengo la duka fulani mjini, wangezifikisha pesa zake zilikotakiwa.

Nadhani fundo zima la habari hii limo katika kukubali huko. Ukizitazama biashara zilizodumu katika redio ya mashambani, utaona kwamba zote ziliuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukikagua anapolipa. Bidhaa ya katalogi huonekana treni ikishafika. Ubora wa mbegu hujulikana miezi kadhaa baada ya kupandwa, na ikiwa ni mbovu, msimu umekwisha kupotea. Bima ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mwenye kulipa huenda asiishi kuona kama ahadi ilitimizwa. Anayeuza viazi katika soko la Nakuru hahitaji kusifika kwa ukweli. Kiazi kinaonekana, kinaguswa, na debe lenye kilele linahesabika. Lakini anayeuza kitu kisichoonekana huuza kwanza uaminifu wake, na kwa mnunuzi aliye kilomita 500 mbali, sauti inayosikika kila siku kwa saa ile ile ndicho kitu kilichokaribia zaidi kufahamiana.

Hakuna mahali jambo hili linaonekana vizuri kuliko Shenandoah, mji wa watu wapatao 5,000 katika jimbo la Iowa. Henry Field, muuza mbegu za bustani aliyezituma kwa posta, alifungua kituo cha KFNF mwezi Februari 1924, yaani kabla ya Sears. Mshindani wake, Earl May, naye muuza mbegu katika mji ule ule, alianza kwa kutumia kituo cha chama cha bima cha Omaha, kisha akafungua cha kwake, KMA, mwezi Agosti 1925. Mji mmoja mdogo ukawa na vituo viwili, vyote vya wauza mbegu, vikiwania masikio ya wakulima wale wale.

Field alizungumza mwenyewe kwenye kipaza sauti, kwa lugha ya mtu aliyetoka shambani, bila maandishi, na hakuona haya kutaja bei. Alianza na mbegu na miche, kisha akaona kwamba wasikilizaji waliomwamini kuhusu mbegu za vitunguu wangemwamini kuhusu mambo mengine pia, akauza matunda makavu, kahawa, suti na matairi. Wenye maduka ya miji midogo ya jirani walilalamika kwamba hewa ya umma imegeuzwa kaunta ya mtu mmoja. Malalamiko yao yalikuwa na msingi, na yalifika hadi Washington, lakini mkulima hakuyashangilia, kwa sababu Field alikuwa na bei nafuu na alikuwa akimsimulia kuhusu watoto wake. Umaarufu huo ulimpa Field ujasiri wa kugombea useneta wa Marekani mwaka 1932. Alimshinda seneta wa chama chake mwenyewe katika mchujo, akashindwa katika uchaguzi mkuu. Kusikilizwa ni jambo moja na kupigiwa kura ni jingine, kama baadhi ya watangazaji wetu waliowania ubunge wanavyoweza kuthibitisha.

May alikuwa mtulivu zaidi na mpangaji zaidi. Mwaka 1926 wasomaji wa jarida la Radio Digest walimchagua kuwa mtangazaji anayependwa kuliko wote, akapata kura zaidi ya 450,000, idadi inayozidi mji wake mara tisini. Alijenga ukumbi wa kuketi watu wapatao 1,000, wenye jukwaa lililotengwa na watazamaji kwa kioo kizito, ili umati usikie kipindi bila kelele zake kuingia hewani. Wakulima walisafiri kwa magari na treni kwenda kuwaona watu waliokuwa wamewasikia tu. Walipofika, ghala la mbegu lilikuwa mlango wa pili.

Dada yake Field, Leanna Driftmier, alianza mwaka 1926 kipindi cha akina mama katika KFNF kilichokuja kuitwa Kitchen-Klatter. Alieleza mapishi, alisoma barua, alizungumza kuhusu wanawe. Mwaka 1930 aliumia mgongo katika ajali ya gari na kutumia kiti cha magurudumu maisha yake yote, lakini kipindi kiliendelea, baadaye kikahamia KMA, na kilidumu kwa miongo mingi chini yake na binti yake. Wanahistoria wa redio hupenda kuwaandika wanaume wenye minara, lakini nikiulizwa ni nani hasa aliyewafanya wanawake wa mashambani waufungue mtambo ule kila siku, nitamtaja mama huyu kabla ya kaka yake.

Kuhusu bima, mfano ni kampuni ya National Life and Accident ya Nashville, iliyofungua kituo cha WSM tarehe 5 Oktoba 1925. Herufi hizo nazo zilitokana na kaulimbiu ya kampuni, iliyojisifu kuwa kinga ya mamilioni. Mawakala wake walipita mlango kwa mlango kila wiki wakikusanya malipo madogo kutoka kwa watu wa kipato cha chini. Wakala wa bima huwa mgeni mzito popote duniani, lakini wakala aliyetoka katika kampuni yenye muziki wa Jumamosi usiku alipata pa kuingilia. Kampuni ilimchukua kutoka WLS mtangazaji George D. Hay, na tarehe 28 Novemba mwaka huo huo akaanzisha kipindi kilichopewa jina la Grand Ole Opry miaka miwili baadaye. Mashabiki wa muziki wa kantri wa hapa Nakuru na Eldoret, ambao si wachache, wanafahamu matunda yake hata kama hawajui mti: Jim Reeves na Dolly Parton wote walikuwa wanachama wa Opry, na Gene Autry alipata umaarufu wake wa mwanzo katika WLS. Kwa hiyo nyimbo zinazochezwa Jumapili jioni katika baa za Bonde la Ufa zina deni la mbali kwa duka la posta na kwa bima ya wiki.

Lakini ikiwa sauti inaweza kujenga imani juu ya kitu kisichoonekana, inaweza pia kuitumia vibaya. Katika mji mdogo wa Milford, jimbo la Kansas, mtu aliyejiita daktari, John R. Brinkley, alifungua kituo cha KFKB mwaka 1923. Biashara yake ilikuwa kuwapandikizia wanaume tezi za mbuzi kwa madai ya kuwarudishia nguvu za ujana. Kituo chake kilikuwa na kila kitu ambacho vile vingine vilikuwa nacho, yaani muziki wa nyumbani, habari za kilimo, na sauti ya baba mwenye huruma. Aliongeza kimoja: alisoma barua za wagonjwa hewani na kuwaandikia dawa bila kuwaona, kwa nambari, nao wakaenda kuzinunua katika maduka yaliyokuwa na mkataba naye. Mwaka 1930 alinyimwa leseni, akahamia mpakani na kujenga mnara Mexico. Kwa msikilizaji wa kawaida, hakuna alama ya hewani iliyomtofautisha Brinkley na Field. Tofauti ilikuwa kwenye kitu kilichouzwa, nacho hakikuonekana hadi mtu alipokwisha kulipa, au kuzikwa.

Sheria ililazimika kuingia. Sheria ya Redio ya mwaka 1927 iliunda tume ya kugawa masafa kwa kigezo cha maslahi ya umma, na tume hiyo, katika kufafanua kigezo chake, ilieleza mwaka 1929 kwamba masafa hayatoshi kumpa kila mwenye maslahi kipaza sauti chake, na kwamba matangazo yanapaswa kuwa jambo la pembeni katika huduma. Inafurahisha kwamba maelezo hayo yalitolewa katika shauri lililohusu masafa ambayo WLS yenyewe ilikuwa ikiyatumia kwa zamu na vituo vingine, kimojawapo kikiwa cha mfanyabiashara wa umeme wa Chicago na kingine cha kanisa. Kituo cha duka, cha kampuni ya umeme na cha kanisa vilikuwa vinagombania nafasi moja hewani, na swali lililokuwa mbele ya tume ni nani kati yao anamhudumia msikilizaji badala ya kujihudumia. Huduma kwa wakulima ndiyo iliyokuwa hoja nzito zaidi ya WLS.

Wakati tume ikiandika hayo, Sears ilikuwa imekwisha kuondoka. Mwaka 1928 iliuza kituo kwa wachapishaji wa Prairie Farmer, gazeti la wakulima lililokuwapo tangu 1841. Kwa nini iuze kitu kinachopendwa? Jibu ninaloliona liko dukani. Mwaka 1925 Sears ilifungua duka lake la kwanza la kuingia kwa miguu, hapo hapo Chicago, chini ya msukumo wa Robert E. Wood, aliyejiunga na kampuni mwaka uliotangulia na kuwa rais wake mwaka ule ule wa 1928. Wood alikuwa amegundua kwamba mkulima amenunua gari. Mwenye gari huenda mjini, huingia dukani, hugusa kitambaa na kujaribu kiatu. Hadi mwisho wa mwaka 1929 kampuni ilikuwa na maduka zaidi ya 300, na mwaka 1931 mauzo ya maduka yalizidi ya posta. Mteja alipoweza kukagua bidhaa kwa mkono wake, haja ya kulipia sauti ya kumtuliza moyo ilipungua. Isitoshe, kufikia wakati huo muda wa hewani ulikuwa umeanza kununuliwa na kuuzwa waziwazi, na aliyetaka dakika kumi za redio hakulazimika tena kununua mnara mzima.

Wengine ambao bidhaa zao zilibaki hazionekani walibaki na vituo vyao. Kampuni ya bima ya Nashville ilishikilia WSM hadi yenyewe iliponunuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na KMA ilikaa mikononi mwa familia ya May kwa vizazi. WLS chini ya Prairie Farmer iliuza muda kwa wengine. Barn Dance ikaingia katika mtandao wa NBC mwaka 1933 kwa ufadhili wa dawa ya Alka-Seltzer, na watu wakalipa kiingilio kuitazama. Mwaka 1960 kituo kikapita kwa kampuni ya ABC, ambayo mwezi Mei iliondoa vipindi vya wakulima na kuweka muziki wa vijana. Mwenye kituo sasa alikuwa na bidhaa moja tu, nayo ni idadi ya masikio, na masikio ya mjini yalikuwa mengi kuliko ya shambani. Sears yenyewe iliomba kinga ya kufilisika mwezi Oktoba 2018; herufi za jina lake la majivuno bado ziko hewani Chicago.

Mtu wa Kisumu anaweza kuuliza kwa nini sisi hatukupata kituo cha duka wakati ule. Redio ilifika Kenya mapema, mwaka 1928, na iliendeshwa na kampuni za kibiashara: kwanza British East African Broadcasting Company, kisha kampuni ya simu za nyaya iliyokuja kujulikana kama Cable and Wireless, hadi mwaka 1959. Lakini leseni ilikuwa ya mmoja tu, na vipindi vya mwanzo vililenga walowezi. Duka la Kisumu au Kakamega halikuwa na sababu ya kutamani mnara hata kama lingeruhusiwa, kwa kuwa liliuza kitambaa juu ya kaunta, mteja akikivuta ajaribu uzi, na lilikopesha watu liliowajua kwa sura na kwa ukoo. Baada ya uhuru serikali iliichukua redio yote mwaka 1964 na kuiita Sauti ya Kenya. Jaribio la kuitoa mikononi mwake lilifanyika katika kanda hii hii: mwaka 1982 kituo kidogo cha jamii kilianzishwa Homa Bay kwa msaada wa UNESCO, kikizungumza na wakulima na wavuvi kwa lugha yao, na serikali ikakifunga miaka michache baadaye. Leseni za watu binafsi zilianza kutolewa katika miaka ya 1990, na vituo vya lugha za nyumbani kama Ramogi na Mulembe vikafuata, wakati ambapo muda wa hewani ulikuwa na bei yake tayari.

Kwa hiyo kampuni ya mbegu ya leo haijengi studio. Hununua nusu saa asubuhi, humleta mtaalamu wake, na hukodi imani ambayo mtangazaji ameijenga kwa kuwasalimia watu kwa majina. Tofauti na Field ni kubwa kuliko inavyoonekana: Field alipouza mbegu mbaya, aliharibu kituo chake na ghala lake kwa siku moja, na wasikilizaji walijua mahali pa kwenda kumtafuta. Katika mpangilio wetu hasara imegawanywa. Mtangazaji husema alisoma alichopewa, kituo husema kiliuza muda tu, na kampuni husema mvua ilichelewa. Sheria yetu inagawa vituo kuwa vya umma, vya biashara na vya jamii, lakini mgawanyo huo unahusu mwenye kituo, haumwambii msikilizaji ni nani mwenye nusu saa anayoisikiliza.

Pengo hilo limeanza kuzibwa kwa njia isiyohusu redio kabisa. Pakiti ya mbegu iliyoidhinishwa nchini huwa na kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mbegu na afya ya mimea. Mkulima hukikwangua, hutuma tarakimu zilizo chini yake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na hujibiwa kama mbegu ni halali na imetoka kwa nani. Anaweza kufanya hivyo akiwa bado amesimama ndani ya duka la pembejeo, kabla hajatoa pesa mfukoni.